Miji miwili, mahakama moja: mambo ya kupanga kabla ya kutia saini New Jersey

Jimbo la New Jersey lina manispaa 564. Nyingine ni ndogo mno, dereva anaweza kuzivuka tatu kabla wimbo mmoja wa redioni haujaisha. Hata hivyo sheria ya jimbo, sura ya 2B:12, inaitaka kila manispaa iwe na mahakama. Mahakama maana yake ni hakimu, msimamizi na makarani wake, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi kwa wasio na uwezo, ukumbi, mitambo ya kurekodi sauti na ulinzi mlangoni. Mji unaokaa vikao viwili kwa mwezi unalipia yote hayo hata siku ambazo ukumbi umefungwa. Ndiyo sababu halmashauri nyingi humtazama jirani, ili waendeshe mahakama pamoja.

Swali la kwanza mezani huwa ni "tutaokoa kiasi gani?" Kwangu mimi hilo ni swali la tatu. La kwanza ni aina ya muungano, na la pili ni nani atamteua hakimu. Mji unaoanza na la tatu hujikuta umeshaahidi kupunguza kodi kwa mpango ambao hauwezi kuutekeleza ndani ya mwaka huo.

Njia mbili, na tofauti yake si ndogo

Kifungu cha 2B:12-1 kinatoa njia mbili. Ya kwanza ni mahakama moja ya pamoja: manispaa mbili au zaidi hupitisha sheria ndogo, kila moja kwenye halmashauri yake, na mahakama zao za zamani hukoma. Inazaliwa mahakama mpya yenye jina lililotajwa ndani ya sheria ndogo hizo, yenye mamlaka juu ya makosa yaliyotendeka popote ndani ya miji wanachama. Nakala ya makubaliano huwasilishwa kwa Mkurugenzi wa Utawala wa Mahakama wa jimbo.

Ya pili ni kushirikiana bila kuungana. Miji hukubaliana, kwa sheria ndogo au kwa azimio tu, kutumia ukumbi mmoja, vifaa vilevile, wafanyakazi walewale, na hata kumteua hakimu yuleyule. Lakini kisheria mahakama zinabaki mbili. Kila amri na kila hati ya wito lazima ibebe jina la mahakama husika. Kesi ya mji wa kwanza haigeuki kuwa ya mji wa pili kwa sababu tu zinasikilizwa kwenye kiti kimoja jioni moja.

Kinachoamua wengi waende njia gani ni uteuzi wa hakimu. Katika mahakama ya mji mmoja, hakimu huteuliwa na mji wenyewe: meya kwa ridhaa ya halmashauri, au halmashauri yenyewe, kutegemea muundo wa serikali ya pale. Njia ya kushirikiana haibadilishi hilo. Kila mji humteua, na kwa kawaida hukubaliana kumteua mtu mmoja. Hakimu wa mahakama ya pamoja ni habari nyingine. Huyo hupendekezwa na Gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Tena New Jersey ina desturi ambayo haimo kwenye maandishi ya sheria lakini ina nguvu kuliko vifungu vingi: seneta wa kaunti anakotoka mteuliwa akinyamaza, jina hilo halisogei. Uteuzi unaweza kukaa kwenye foleni miezi mingi, na halmashauri hazina la kufanya ila kupiga simu.

Sifa za hakimu ni zilezile kwa njia zote mbili. Awe mkazi wa jimbo, awe wakili aliyeruhusiwa kufanya kazi New Jersey kwa angalau miaka mitano. Muhula ni miaka mitatu.

Ushauri wangu kwa miji miwili inayoanza ni kushirikiana kwanza. Azimio hupita katika kikao kimoja cha halmashauri. Sheria ndogo huhitaji kusomwa mara mbili, kutangazwa, kusikiliza wananchi, na kupitishwa si chini ya siku 10 baada ya kusomwa mara ya kwanza. Mahakama moja ya pamoja inafaa zaidi miji mitatu au minne ambayo imeshafanya kazi pamoja miaka kadhaa na inajua tabia za mwenzake, hasa kwenye malipo.

Njia ya tatu hutajwa mara chache kwa sababu hakuna anayeitamani. Mji usio na mahakama na usioingia makubaliano yoyote, Jaji Msimamizi wa Kanda (jaji wa jimbo anayesimamia mahakama za manispaa za eneo lake) huamuru kesi zake zisikilizwe kwenye mahakama nyingine ya kaunti hiyohiyo, na mji hulipa gharama za utawala zilizotajwa kwenye amri. Hapo mji haujadiliani bei na mtu.

Fedha: tenganisha gharama na faini

Hapa ndipo mikataba mingi huandikwa vibaya. Gharama za kuendesha mahakama na faini zinazokusanywa ni mambo mawili, na kila moja lina njia yake.

Faini zina mkondo uliowekwa na sheria. Tiketi ya trafiki chini ya sheria za magari za jimbo, iliyoandikwa na polisi wa mji, nusu ya faini huenda kwenye mji kosa lilikotendeka na nusu kwenye kaunti. Faini ya kuvunja sheria ndogo ya mji hubaki mjini. Gharama za kesi, ambazo hazizidi dola 33, hukatwa vipande vidogo vya kwenda mifuko ya jimbo, na kinachobaki hukaa mjini. Kwenye njia ya kushirikiana mgawanyo huu hujifanya wenyewe, kwa kuwa kila mahakama ina namba yake ya tarakimu nne kwenye mfumo wa kompyuta wa jimbo na kila tiketi imebeba namba hiyo. Fedha hufuata namba. Kwenye mahakama moja ya pamoja lazima mkataba useme wazi kwamba faini hufuata mahali pa kosa, na msimamizi atoe taarifa ya kila mwezi iliyogawanywa kwa miji. Kuchanganya faini zote kwenye kapu moja kisha kuzigawa kwa asilimia ni kutafuta ugomvi, maana mji wenye barabara kuu utaona unamlisha jirani.

Gharama ndizo za kugawana kwa kanuni. Chukua mfano wa miji mitatu yenye bajeti ya pamoja ya dola 500,000 kwa mwaka na kesi 10,000: mji A 6,000, B 3,000, C 1,000. Ukigawa kwa idadi ya kesi peke yake, A italipa dola 300,000, B 150,000 na C 50,000. Inaonekana haki, lakini si hivyo. C angekuwa peke yake bado angehitaji hakimu, msimamizi na ukumbi. Gharama hizo hazishuki kwa sababu ana kesi chache. Njia bora ni kuweka sehemu isiyobadilika, tuseme asilimia 30, igawanywe sawa: dola 50,000 kwa kila mji. Dola 350,000 zilizobaki zigawanywe kwa kesi. Hapo A atalipa 260,000, B 155,000 na C 85,000.

Halafu kuna uzito wa kesi. Tiketi ya maegesho iliyolipwa mtandaoni kupitia NJMCdirect, tovuti ya malipo ya mahakama za jimbo, haimgusi hakimu kabisa. Kesi ya kuendesha gari ukiwa umelewa huhitaji ushahidi wa kipimo cha pumzi, askari aliyekamata, mara nyingi mtaalamu, na maahirisho kadhaa, na mwongozo wa jimbo unataka imalizike ndani ya siku 60. Mji wenye mtaa wa maduka una tiketi nyingi nyepesi. Mji wenye mabaa na barabara kuu una chache nzito. Ukihesabu vichwa tu, wa kwanza anamlipia wa pili. Wekeni alama: tiketi ya kawaida alama moja, kosa dogo la jinai alama kadhaa, ulevi barabarani zaidi ya hapo. Msivumbue alama hizo mezani. Chukueni rekodi za vikao vya miezi mitatu, pimeni dakika ambazo kila aina ya kesi ilitumia, kisha muafikiane.

Tumieni wastani wa miaka mitatu badala ya mwaka mmoja. Askari wawili wakistaafu, au barabara ikifungwa kwa ukarabati, tiketi za mji hushuka ghafla na kanuni yote huyumba.

Kwenye makisio, vitu vinavyosahaulika ni vilevile kila mara: bima ya afya ya wafanyakazi, bili ya pensheni ya jimbo ambayo huja kwa mkupuo mwezi wa Aprili, likizo ambazo makarani wamelimbikiza kabla ya muungano (nani anazilipa?), wakalimani, na malipo ya zamu za usiku. Wakalimani hasa. Mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza vizuri ana haki ya mkalimani bila kulipa chochote. Gharama ni ya manispaa. Mji mmoja ukiwa na wakazi wa lugha nyingi na mwingine hauna, hiki kiwe kipengele cha kulipwa na mwenye kesi, kisiingizwe kwenye gharama za pamoja.

Jambo moja lisiandikwe popote, si kwenye mkataba wala kwenye barua pepe: lengo la mapato ya faini. Baada ya machafuko ya mwaka 2014 huko Ferguson, Missouri, yaliyozuka askari alipomwua kijana Michael Brown, ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya mwaka 2015 ilionyesha mahakama ya mji ikiendeshwa kama chanzo cha mapato, na waliobeba mzigo walikuwa maskini. New Jersey nayo, kamati ya Mahakama ya Juu ilitoa ripoti mwaka 2018 yenye mapendekezo 49. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa shinikizo la mapato kwa mahakimu wanaoteuliwa na miji kila miaka mitatu, na iliunga mkono kuunganisha mahakama ndogo. Meya anayemwuliza hakimu kwa nini faini zimeshuka anatafuta matatizo na Jaji Msimamizi wa Kanda.

Mtu wa kumwona mapema

Huyo Jaji Msimamizi ndiye msimamizi wa mahakama zote za manispaa ndani ya kanda yake. Jimbo lina kanda 15 kwa kaunti 21. Ofisi yake ina meneja wa kitengo cha manispaa. Nendeni kwake mkiwa na rasimu, kabla halmashauri hazijapiga kura. Atataka kuona ratiba ya vikao, idadi ya wafanyakazi, mpango wa usalama, na kama ukumbi unatosha: chumba cha hakimu chenye njia yake ya kuingilia, chumba ambamo wakili wa utetezi anaweza kuzungumza na mteja bila kusikika, dirisha la malipo lenye kioo, njia ya kupitisha kiti cha magurudumu, ukaguzi wa silaha mlangoni. Ukumbi wa halmashauri unaogeuzwa kuwa mahakama jioni mbili kwa mwezi mara nyingi huanguka kwenye chumba cha faragha. Wakili na mteja kunong'onezana kwenye korido si utetezi.

Mitambo ya kurekodi ikaguliwe kwa makini kuliko samani. Mahakama hizi hazina juri. Rufaa hukatwa ndani ya siku 20 kwenda Mahakama Kuu, na jaji wa huko huamua upya kwa kusoma maandishi yaliyotokana na rekodi ya sauti ya kikao. Kipaza sauti cha shahidi kikiwa kibovu, kesi huweza kurudishwa kuanza upya. Na kwa mahakama zinazoshirikiana, hakimu atamke mwanzoni mwa kila sehemu ya kikao ni mahakama ya mji gani inayokaa. Bila hivyo, anayeandika maandishi baadaye hana pa kujulia.

Mwezi wa kuhama

Kitabu cha tiketi ndicho chanzo kikuu cha vurugu. Askari hubeba vitabu vilivyokwisha kuchapishwa anwani ya mahakama. Mahakama ikihamia mji wa jirani na vitabu vya zamani vikaendelea kutumika, mshtakiwa atafika kwenye jengo lililofungwa. Mfumo utamwandika kuwa hakufika. Itafuata barua, kisha tishio la kusimamishiwa leseni, pengine na hati ya kukamatwa, kwa mtu aliyefika mapema na viatu vimeng'aa. Kusanyeni vitabu vyote vya zamani kabla ya siku ya kwanza na mwelekeze wachapaji mapema. Pale penye mashine za kuchapa tiketi garini, badilisheni anwani usiku uleule. Bado wataendelea kuja watu kwenye jengo la zamani, kwa hiyo bango la anwani mpya lisiondolewe mlangoni chini ya mwaka, na simu za zamani zielekezwe kwenye namba mpya kwa muda huohuo.

Namba za simu zina uzito wa ziada usiku. Polisi wakitaka kumshtaki mtu kwa hati ya kukamatwa, afisa wa mahakama, yaani hakimu au msimamizi aliyeidhinishwa, lazima kwanza aridhike kwamba kuna sababu za kutosha. Tangu mageuzi ya dhamana ya tarehe 1 Januari 2017 uamuzi huo hufuatwa na hatua zenye saa maalumu za kutekelezwa. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa zamu saa 24, na vituo vyote vya polisi viwe na orodha moja ya zamu. Miji miwili yenye orodha mbili tofauti ukutani ni jambo la kawaida kuliko inavyopaswa.

Mengine ya mwezi huo nayapitia haraka. Kila mahakama ina akaunti ya kawaida na akaunti ya dhamana. Zilinganishwe na vitabu vya hesabu hadi senti ya mwisho kabla ya kuhama, maana upungufu ukigunduliwa baadaye hakuna atakayekubali ni wake. Fedha zinazopokelewa dirishani zifikishwe benki ndani ya saa 48, hivyo amueni nani anazipeleka kama benki ya mji wa pili iko mbali. Wanaolipa faini kwa awamu waandikiwe barua mmoja mmoja. Hati za kukamatwa ambazo hazijatekelezwa zipitiwe zote. Nyingine ni za makosa ya zamani sana na hakimu anaweza kuzifuta kuliko kuzihamisha.

Pia linganisheni ada. Ada ya kuomba wakili wa utetezi wa manispaa ina kikomo cha dola 200, lakini kiasi halisi huwekwa na sheria ndogo ya kila mji. Mji mmoja ukidai dola 200 na jirani 100, washtakiwa wawili waliokaa benchi moja kwa kosa la aina moja watalipa tofauti mbele ya hakimu yuleyule. Si kosa kisheria kwa mahakama zinazoshirikiana, ila ni aibu, na hurekebishika kwa kura moja ya halmashauri.

Kazi ya kila wiki

Ratiba ipangwe kwa askari, kwa sababu wao ndio mashahidi. Kikao kimoja kikichanganya miji mitatu, askari watatu kutoka vikosi vitatu watakaa kwa malipo ya saa za ziada wakisubiri kesi ambazo hazijafika. Panga kila mji na saa yake, au angalau kila mji na jioni yake kwa mashauri yanayobishaniwa. Akiba ya mahakama inaweza kuliwa yote na saa za ziada za polisi, na haitaonekana kwa sababu imo kwenye bajeti nyingine.

Mgongano wa maslahi nao huongezeka. Hakimu mmoja akihudumia miji mitatu, atakutana na mtumishi wa mji wowote kati ya hiyo akiwa mshtakiwa. Mwendesha mashtaka wa pamoja atakutana na askari wa mji mmoja akimlalamikia askari wa mwingine. Mkataba utaje mapema mwendesha mashtaka wa akiba, na msimamizi ajue kwamba kesi asiyoweza kuisikiliza hakimu hupelekwa kwa Jaji Msimamizi wa Kanda aihamishie kwingine.

Tangu janga la mwaka 2020 sehemu kubwa ya mashauri madogo husikilizwa kwa video, na yale mazito ana kwa ana. Hili limebadilisha hesabu ya muungano kuliko watu wanavyokiri. Zamani hoja kuu ilikuwa kuokoa ukumbi. Sasa ukumbi unatumika kidogo, na akiba halisi iko kwa wafanyakazi: makarani wawili waliobobea kwa siku tano, badala ya wanne wa nusu siku ambao kila mmoja akiugua dirisha hufungwa. Ripoti ya uchambuzi inayoanza na mita za mraba imechelewa.

Kutoka

Kifungu cha kuvunja makubaliano kiandikwe siku ambayo kila mtu bado anacheka. Sheria inaruhusu kuvunja kama mkataba unavyosema. Mkataba ukinyamaza, upande wowote unaweza kutoka kwa kutoa taarifa ya muda unaofaa, kwa masharti atakayoamua Jaji Msimamizi wa Kanda.

Taarifa ya mwaka mmoja inatosha, mwisho wake uangukie tarehe 31 Desemba, kwa kuwa manispaa nyingi za jimbo huendesha bajeti kwa mwaka wa kalenda. Mji ukitoka mwezi wa Juni, unawaachia wenzake pengo lisilokuwa kwenye bajeti. Taja nani anabaki na makarani, nani analipa deni la samani na mitambo iliyonunuliwa kwa pamoja (ligawanyeni kwa miaka mitano, anayetoka mapema alipe iliyobaki), na kesi zilizokwisha kuanza kusikilizwa zinamalizikia wapi. Majalada, vielelezo na rekodi za sauti za mji unaotoka zihamishwe kwa orodha iliyosainiwa pande zote mbili, kielelezo kwa kielelezo, dawa za kulevya na silaha zikiwa kwanza.